Kito kinacheza, ukingo unakunjamana: kutafuta kosa katika pete ya fedha

Pete inaporudi na kito kinacheza, mkono wa fundi hukimbilia kisukumio. Anaubana ukingo, kito kinatulia, mteja anashukuru na kuondoka. Mwezi haujaisha, amerudi. Nimekaa kwenye benchi la usonara hapa Kariakoo muda mrefu, na pete nyingi nilizozifungua zimenionyesha jambo lile lile: kosa halikuwa kwenye ukingo, lilikuwa chini ya kito, na lilifanyika kabla kito hakijagusa fedha. Kito kilichoandaliwa mahali pake hutulia chenyewe. Ukingo na makucha ni vya kukizuia kisitoke, basi. Ukiona unatumia nguvu ili kikae, weka chombo chini.

Tuelewane maneno kwanza, maana kila karakana ina yake. Ukingo ni ule ukuta mwembamba wa fedha unaokizunguka kito. Kitako ni pale kito kinapokalia. Kiuno ni sehemu pana kuliko zote ya kito. Kito cha mgongo ni kile kilicholainishwa juu bila kuchongwa nyuso, kama zilivyo akiki nyingi zinazovaliwa mjini hapa. Makucha ni vijiti vya fedha vinavyokishika kito badala ya ukingo. Kisukumio ni chuma butu chenye mpini wa kuenea kiganjani, cha kusukumia fedha juu ya kito.

Kito kinacheza

Usikibane bado. Jua kwanza kinacheza namna gani, kwa sababu kila mchezo una chanzo chake. Isogeze pete sikioni, ushikilie vizuri, uigonge kwa ncha ya kidole. Ukisikia mlio mdogo, kito kinapanda na kushuka. Kisha chukua njiti ya meno, bonyeza ukingoni mwa kito upande mmoja. Upande wa pili ukiinuka, kitako hakiko sawa, na kito kimekaa kama stuli juu ya sakafu ya mawe. Kisipoinuka lakini kikazunguka ukikisukuma kwa njiti, ukingo ni mkubwa kuliko kito.

Kitako kisicho sawa mara nyingi kimeharibiwa na lehemu. Ulipounga ukingo na bamba la chini, lehemu ilitambaa ikajikusanya kwenye kona ya ndani, ikaacha kijilima ambacho macho hayakioni. Dawa yake ni wino wa makapeni, ile kalamu nene ya kuwekea alama. Paka kitako chote, acha ukauke, weka kito, kizungushe kidogo sana, kitoe. Pale wino ulipofutika ndipo palipo juu. Kwangua hapo tu kwa patasi ndogo, paka tena, weka tena. Kazi hii naweza kuirudia mara kumi kwa pete moja, na sijawahi kuijutia. Kijana anayejifunza hukwangua kitako chote kwa pamoja ili amalize haraka, matokeo yake kijilima kinabaki na sehemu nyingine zote zinashuka.

Hapo linakuja swali la namna ya kukitoa kito kila mara bila kukingoa kwa kisu. Kabla hujaanza kupima, toboa tundu katikati ya bamba la chini, ukisukume kito kutoka nyuma kwa kijiti cha mti. Kama hutaki tundu, tandika uzi chini ya kito kabla ya kukiingiza, ncha zake mbili zibaki nje, uvute.

Kuna akiki ambazo tatizo ni zao wenyewe. Mteja anakuletea akiki ya marehemu babu yake, imechongwa kwa mkono, na chini haiko bapa hata kidogo, ina tumbo. Ukiiweka juu ya bamba itayumba hadi kiama. Usiisage kumridhisha yeyote. Kile ni kitu cha watu. Tengeneza kitako cha waya: zungusha waya wa fedha ndani ya ukingo, uulehemu, tumbo la akiki lining'inie katikati na pembeni ikalie waya. Kwa kito chenye nyuso, angalia ncha ya chini. Ikigusa bamba kabla kiuno hakijafika kwenye kitako, kito kinasimama kwa ncha na kuzunguka kama pia. Inua kitako au chimba chini.

Wapo mafundi wanaojaza vumbi la mbao au vipande vya karatasi chini ya kito ili kiinuke. Mimi naikataa njia hii, na zaidi kwa mji wetu. Wavaaji wengi wa pete za fedha hapa ni wanaume Waislamu, ambao dhahabu hawaivai, na pete hiyo inatiwa maji kwenye udhu mara tano kwa siku. Weka jasho la Februari juu yake. Vumbi la mbao linavimba, linaoza, linanywea, na kito kinarudi kucheza kikiwa na uchafu chini yake. Kama kito kimezama sana, kata kiduara cha bamba la fedha ukiweke chini yake. Dakika tano zaidi tu.

Ukingo unakunjamana

Hili ndilo linaloletwa kwangu kuliko mengine yote, nami nalipa nafasi.

Utazame mdomo wa gunia unapofungwa. Nguo ni ile ile, lakini mdomo umekuwa mdogo, kwa hiyo kitambaa kilichozidi kinajikunja. Ukingo unaoulaza juu ya kito unapita njia hiyo hiyo: mdomo wake unapungua mzunguko, na fedha iliyozidi lazima iende mahali. Ikiwa ni kidogo, inajibana ndani kwa ndani na huoni kitu. Ikiwa nyingi, inakunjamana. Swali lako basi ni moja: fedha ya ziada imetoka wapi?

Mara nyingi imetoka kwenye kimo. Ukingo uliokatwa mrefu kwa kuogopa kito kitatoka hauna budi kuinama sana, na kadiri unavyoinama ndivyo mdomo unavyosinyaa. Weka kito mahali pake, tazama kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. Pale ubavu wa kito unapoanza kupinda kuelekea juu, ukingo upite hapo kidogo tu. Kwa akiki yenye kimo cha milimita 4, ukingo wa milimita 1.3 hadi 1.5 juu ya kitako kwa kawaida unatosha. Ukizidi, upunguze kwa tupa na msasa kabla ya kusukuma chochote.

Mara nyingine fedha imezidi kwenye mzunguko. Hapa watu wanapima kito peke yake na kusahau kwamba fedha nayo ina unene. Chukua kipenyo cha kito, ongeza unene wa bamba la ukingo, zidisha kwa 3.14. Akiki ya duara ya milimita 12, na bamba la milimita 0.3, inataka utepe wa milimita 38.6. Ukisahau ule unene utapata milimita 37.7, ukingo hautaingia, utauvuta kwa nyundo hadi upite kipimo, na sasa ni mkubwa. Kwa kito cha yai au cha umbo la tone, hesabu iache. Zungusha kipande cha karatasi, weka alama, kifungue, pima kwa venia, kile kipimo cha chuma chenye taya.

Chanzo cha tatu ni mpangilio wa kusukuma. Fundi anaanza mahali pamoja na kuzunguka kama anayeshona pindo la kanga, na fedha yote ya ziada anaisukuma mbele yake hadi inamgomea mwishoni katika kunyanzi moja kubwa. Sukuma kaskazini, kisha kusini, kisha mashariki, kisha magharibi, kila mara kidogo. Halafu katikati ya hizo. Kila msukumo uwe umegawa ziada iliyobaki katika sehemu mbili. Ukingo usilale kwa mzunguko mmoja. Mimi huenda mara tatu au nne, na mzunguko wa kwanza hata hauonekani kama nimefanya kitu.

Ikishakunjamana, usibonyeze kunyanzi lenyewe, utalikunja lijilalie. Anzia pembeni mwake, kulia na kushoto, ulisukume lijibane taratibu. Likiwa limeshajilalia, inua fedha kwa ubapa wa kisu chembamba, toa kito, unyooshe, uanze upya.

Halafu kuna fedha iliyo ngumu. Fedha ya 925, yaani asilimia 92.5 fedha na iliyobaki kwa kawaida shaba, huwa ngumu zaidi kila unapoikunja au kuigonga. Ilainishe kwa moto kabla ya kuweka kito, kwenye nyuzijoto 600 hadi 650 hivi, maana baadaye hutaweza tena. Dalili ni wekundu hafifu, nao hauonekani katika jua la saa saba mchana mlango ukiwa wazi. Funga mlango, zima feni isiyumbishe moto. Kwa ukingo hasa napenda fedha safi, ambayo ni laini na huyeyuka kwenye nyuzijoto 962, ukiwa na nafasi kubwa zaidi kabla ya kuharibika chini ya moto. Mteja akileta bangili za bibi ziyeyushwe, nazitumia kwenye mwili wa pete. Ukingo siutengenezi kwa fedha nisiyoijua ndani yake kuna nini; hupasuka mdomo unapoulaza.

Mwanya kati ya kito na fedha

Mwanya wa pande zote ni ukingo mkubwa, na hauzibiki kwa kubana. Kata, punguza, ulehemu tena. Mwanya wa sehemu moja tu uangalie kwenye kiungo cha ukingo: pengine lehemu imeacha unene kwa ndani. Mwanya kwenye kona za kito cha mraba unatokana na fedha kugoma kukunjika mahali palipo nene. Pitisha tupa ya pembe tatu kwenye kona za ukingo, juu, iache kamkato kadogo ili pande mbili zikutane badala ya kusongamana.

Kito kimepasuka

Vito havipasuki kwa namna moja. Akiki ni jamii ya kwazi (quartz), ugumu wake 7 au pungufu kidogo kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, na ni ngumu kuvunjika. Spineli ya Mahenge, kule Morogoro, ina 8. Yakuti samawi ya bonde la Umba, kule Tanga, ina 9. Tanzanaiti inayotoka Mererani, mkoani Manyara, ambayo ndiyo wengi wanaoingia maduka ya Barabara ya Samora wanaiulizia, ina kati ya 6 na 7, na tena ina mwelekeo mmoja ambao hupasuka kwa urahisi sana, kama ukuni unavyopasuka kufuata nyuzi zake. Jiwe hili limejulikana tangu 1967 na watu wengi wameliweka kwenye pete, lakini halisamehe. Kisukumio kilichoizoea akiki kitaimaliza.

Ukisikia mlio mmoja mkavu wakati unasukuma, acha palepale, hata kama huoni kitu. Chukua lenzi, tazama kwenye kona na kiunoni.

Ufa ulioanzia kwenye kona au kwenye ncha ya tone una maana kwamba fedha ilikuwa inagusa pale. Ncha haitakiwi kubeba chochote. Chimba nafasi ndogo nyuma na chini yake, unene wa unywele unatosha, fedha iifunike bila kuikandamiza. Ufa ulioanzia chini, katikati ya upande, una chembe iliyobaki kwenye kitako: punje ya msasa au kinyuzi cha fedha ulichokikwangua mwenyewe. Kabla ya kukiweka kito kwa mara ya mwisho, safisha kitako kwa brashi, puliza, pitisha kidole. Ufa ulioanzia kiunoni chini ya kucha unatokana na mkato wa kucha, yaani pale palipochimbwa ili kiuno kiingie, usiolingana na mteremko wa kito, nguvu yote ikaishia kwenye nukta moja.

Moto ni habari nyingine. Kijana mmoja karakanani kwangu alitaka kuunga mkono wa pete, yaani lile duara la kidoleni, uliokatika, akakifunika kito kwa kitambaa kilicholowa maji akidhani joto halitapita. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine zote. Tanzanaiti ilipasuka ndani kwa ndani, ikawa kama barafu iliyotiwa kwenye chai. Tangu hapo kanuni yetu haina mjadala: pete yenye kito haiingii motoni. Kito kinatolewa, pete inaungwa, kito kinarudi. Na saizi inapimwa na kukamilika kabla ya kito, siyo baada, kwa kuwa hata kuigonga pete kwenye chuma cha kupimia kunalegeza ukingo.

Kuna yakuti nyekundu za bei nafuu zilizojazwa kioo kwenye nyufa zake. Moto, boraksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke) na maji ya tindikali huzila. Zumaridi nazo mara nyingi zimenyweshwa mafuta. Zitazame kwa lenzi kabla ya kuzipokea, na unachokiona mwonyeshe mteja palepale kaunta.

Kucha linashika mtandio

Huu ndio mtihani wangu wa mwisho kwa pete yoyote ya makucha: chukua mtandio mwepesi, uburute juu ya kito pande zote. Ukikwama hata uzi mmoja, pete haiondoki.

Kucha lililokwama litazame kwa lenzi. Kama linagusa kito kwenye ncha yake, lakini chini ya ncha kuna mwanga, mkato ulichimbwa juu mno na kiuno hakijaingia ndani yake. Kubonyeza ncha hakutasaidia, litarudi. Linahitaji kufunguliwa na mkato kushushwa. Kama linalala vizuri ukibonyeza na kuinuka ukiachia, fedha imekuwa ngumu. Ulipaswa kuilainisha kabla. Kama limelala sawa lakini ncha ni kali, hilo ni jepesi: liviringe kwa biti yenye kichwa cha kikombe, ulisugue.

Mkato usizidi theluthi ya unene wa kucha. Waya wa milimita 1, chimba milimita 0.3. Makucha yanayokatika wiki chache baada ya mteja kuvaa yalichimbwa hadi nusu au zaidi, au yalikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi fundi akitafuta mkao. Kucha nililolikunja na kulikunjua mara mbili silitumii tena, nalikata na kuweka jipya. Na pete ya makucha manne ikipoteza moja, kito kimeenda. Mteja anayepanda daladala kila siku nampendekezea ukingo.

Kito kimelala upande

Hukuitazama kutoka ubavuni. Kwa juu kila kito kinaonekana sawa. Kabla ya kubana kucha la pili au upande wa pili wa ukingo, inamisha pete usawa wa jicho na ulinganishe uso wa kito na mkono wa pete.

Mikwaruzo kwenye kito

Punje za msasa wa kawaida zina ugumu wa 9 au zaidi. Tanzanaiti, feruzi, akiki, zote zinakwaruzwa. Bandika utepe wa karatasi juu ya kito, na tupa za kumalizia ziwe zile zenye upande mmoja usio na meno, upande huo ndio uelekee kito. Wenye pete za tanzanaiti waambie pia kuhusu mchanga: mchanga wa ufukweni una kwazi nyingi, wenye ugumu wa 7. Mtu anayekwenda Coco Beach aivue nyumbani.

Kito kimefifia

Mteja anasema kito kimebadilika rangi. Geuza pete. Kama nyuma imefungwa kwa bamba na kito kinapitisha mwanga, kilichobadilika ni fedha iliyo nyuma yake. Salfa iliyomo hewani imeifanya nyeusi, na unyevu wa pwani unaharakisha. Ndiyo maana kito kinachopitisha mwanga nakiachia nyuma wazi. Kama nyuma iko wazi na bado kimefifia, ni sabuni, mafuta ya nazi na unga wa chapati uliogandamana. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo na mswaki laini vinatosha. Mashine ya kuoshea kwa mitetemo usiiguse kwa tanzanaiti wala zumaridi. Ndimu, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiona ikisafisha fedha, isifike kwenye lulu wala marijani, kwa sababu asidi inaviyeyusha.

Kikivunjika mkononi mwako

Kusanya vipande vyote, hata unga. Vifunge kwenye karatasi nyeupe, andika jina la mwenyewe na tarehe. Usitafute kinachofanana nacho kwanza, na usibandike kwa gundi. Mpigie simu siku hiyo hiyo, umwambie kimevunjika, mikononi mwa nani na katika hatua gani, kisha umpe karatasi ile mkononi. Akiki ya marehemu babu haina bei ya sokoni, na mwenye mali ndiye anayeamua kama anataka nyingine au anataka vipande vyake.